Gari ya chama: gia ya mkono ao otomatiki ya klachi mbili?

(Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano mkuu. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)



Komite ilitupa sisi watumishi wa uwanjani kazi moja: tuchunguze gari mbili zinazouzwa Dar es Salaam, kisha tuje kuwaambia tumeona nini. Zote mbili ni Fuso Canter, kamioneti ya kubeba mizigo. Zinabeba sawasawa, na zote zinakunywa mazutu. Tofauti kubwa iko moja tu. Ya kwanza iko na gia ya mkono. Ya pili haina pedali ya klachi. Iko na otomatiki ambayo Fuso yenyewe inaita Duonic. Hiyo ya pili ndiyo mpya zaidi, na muuzaji ameishusha bei. Ndiyo maana wengi wenu munatuuliza: sasa tunangoja nini?

Kwanza tuelewane maneno. Waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu wanasema gia na klachi. Waliobaki huku wanasema vitesi na ambreyaji. Ni kitu kilekile. Klachi ndiyo inayounganisha mashini na magurudumu, na ndiyo inayoyatenganisha kidogo wakati shofere anabadilisha vitesi. Katika gari ya gia ya mkono, kazi hiyo inafanywa na mguu wa shofere. Katika Duonic, inafanywa na mafuta yenye shinikizo pamoja na kompyuta ndogo.

Na klachi zenyewe ni mbili. Moja inashika vitesi 1, 3 na 5. Ya pili inashika 2, 4 na 6. Wamama munajua kutwanga watu wawili katika kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda, mwingine tayari unashuka, na kinu hakipumziki. Ni vile. Gari ikiwa kwenye 2, vitesi 3 imekwisha kutayarishwa upande wa pili. Klachi moja inaachia, nyingine inashika, na nguvu haikatiki katikati.

Hatukuja hapa kuisema vibaya. Wazo lenyewe si la jana: injinia mmoja Mfaransa, Adolphe Kégresse, alilishughulikia tangu miaka ya 1930. Mwaka 2003 Volkswagen iliiweka katika gari ya kuuzwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 2010 Fuso iliileta katika Canter. Na klachi za Duonic zinafanya kazi ndani ya mafuta, kwa hiyo zinavumilia joto kuliko zile kavu za gari ndogo. Shofere hachoki mguu. Ukipanda kuelekea Fizi na mzigo, gari haipotezi nguvu kila mara unapobadilisha vitesi. Tena shofere mbaya hawezi kuchoma klachi kwa mguu wake, kwa sababu pedali haipo. Mtu anayesema hii ni mashini nzuri, anasema kweli.

Lakini swali letu si kujua mashini gani ni nzuri. Swali ni hili: siku itakapoharibika, nani ataifungua, na wapi?

Tuanze na gia ya mkono. Klachi yake ikiisha, fundi wa Baraka ao Uvira anajua la kufanya. Anaweka gari juu ya vigogo, anashusha bwati kwa mnyororo, anatoa diski, sahani na beringi, anaweka mpya. Diski ikikosekana, wako mafundi wanaoweza kuipiga riveti upya ili gari ifike nyumbani. Piesi za Canter ya namna hiyo zinapita Kigoma na kuvuka ziwa, kwa sababu gari za namna hiyo ni nyingi.

Sasa Duonic. Ikiharibika, mara nyingi haisemi kwa sauti ambayo fundi anaizoea. Inawasha taa, ao inakataa kuingia vitesi. Ili kujua shida iko wapi, fundi anahitaji kompyuta ya kuisoma. Klachi zikibadilishwa, ile kompyuta ya gari inapaswa kufundishwa upya zinashika wapi. Mafuta yake nayo ni ya aina yake. Ukiweka mafuta yoyote yanayouzwa sokoni katika chupa isiyo na jina, unaweza kuua klachi zote mbili. Na batri ikifa njiani, gari ya gia ya mkono vijana wanaisukuma, shofere anaachia klachi, inawaka. Duonic haiwaki kwa kusukumwa. Hata muisukume mpaka jioni.

Fikirini basi gari hii itafanya nini. Siku za soko itabeba mihogo, samaki na mafuta ya mawese ya wanachama. Siku nyingine, hata usiku, itabeba mgonjwa ao mama anayekaribia kuzaa. Gari ikilala wiki moja kwa kungoja diski, tutapata hasara, lakini tutaivumilia. Ikilala miezi kwa kungoja fundi kutoka Dar es Salaam, hapo si gari tena, ni chuma ndani ya uwanja wa chama. Na michango yenu, faranga kwa faranga, itakuwa imelala pale pamoja nayo.

Kuna mwanachama mmoja aliuliza: mashirika makubwa yenye pesa, si yanatembelea gari za kisasa? Tunamujibu: tazama vizuri. Ile Land Cruiser ndefu, HZJ78, ambayo munaiona ikiwa ambilansi ao gari ya mashirika, iko na gia ya mkono, vitesi 5. Wenye pesa ya kununua chochote walichagua kitu ambacho fundi wa mbali anaweza kutengeneza. Sisi tusio na pesa hiyo tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya vile.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: tununue ile ya gia ya mkono, hata kama ni ya zamani kidogo na bei yake iko juu kidogo.

Lakini musipige makofi upesi. Gia ya mkono haina huruma. Kosa ambalo otomatiki inamzuia shofere asilifanye, hii inamwacha alifanye. Anayetembea mguu ukiwa juu ya pedali anakula diski bila kujua. Anayesimama mlimani na kushikilia gari kwa klachi, badala ya kufunga breki, anachoma klachi ya miezi mingi kwa dakika chache. Na katika matope ya mvua, anayekazana kupiga mashini huku klachi inateleza ataiona ikitoa moshi. Kama gari itakuwa ya kila mtu, leo mtoto wa huyu, kesho shemeji wa yule, basi ni afadhali tusiinunue kabisa.

Ndiyo sababu tunaomba mkutano ukubali mambo manne pamoja na gari:

Kwanza, mashofere wawe wawili tu, wenye permi, waliojaribiwa kwenye mlima na mzigo juu. Wasichaguliwe kwa sababu ya ukoo wala kambi walikotoka.

Pili, kila safari iandikwe katika daftari: nani aliendesha, alibeba nini, alisikia nini kisicho cha kawaida. Klachi inatoa habari kabla ya kufa: inateleza, inanuka, vitesi zinaingia kwa shida. Ikisikiwa mapema, garama ni ndogo.

Tatu, siku ya kununua gari tununue pia diski moja, sahani moja na beringi moja, tuziweke katika depo ya chama, chini ya ufunguo wa mweka hazina.

Ine, sehemu ya pesa ya kila safari iwekwe pembeni kwa ajili ya depanaji, na mweka hazina aisome mbele yetu kila mkutano.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi kwa heshima. Tunajua inafurahisha kuonyesha picha ya gari mpya. Lakini piesi katika depo, na mafunzo ya mashofere wawili, havionekani katika picha, na bila hivyo gari haitafika mwaka wa tatu. Kama munataka kuongeza kitu, ongezeni hapo.

Wanachama, munajua kuliko sisi maana ya kuanza upya. Mlivuka ziwa na mizigo midogo, mkakuta nyumba zimeanguka na mashamba yamekuwa pori. Hakuna atakayetupa gari ya pili kama hii ya kwanza itakufa mikononi mwetu. Sisi tumesema tuliyoyaona. Kura sasa ni yenu: inueni mikono kwa gari, kisha muinue tena kwa yale mambo manne. Mkono wa kwanza bila wa pili hautatufikisha mbali.