Njia ya Kupitia Si Njia ya Kukaa

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo: dereva akae upande gani wa barabara kuu anapokuwa hana gari la kulipita. Nakuomba univumilie, kwa sababu mwisho wa mazungumzo haya nina jambo la kuungama, na sipendi kuliungama kabla hujasikia nilivyolifikia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Marekani kwa shughuli za kikazi, nikapata siku mbili za kumtembelea shemeji yangu anayeishi Houston, katika jimbo la Texas. Akanichukua kwa gari lake tukaenda Dallas, safari ya saa nne hivi. Barabara ni pana, kila upande una njia mbili au zaidi, na katikati pana nafasi inayowatenga wanaokwenda na wanaorudi. Wenzetu, kama unavyojua, huendesha upande wa kulia. Shemeji yangu akashika njia ya kushoto, ile ya ndani, akatulia humo. Mwendo wake ulikuwa chini kidogo ya ule ulioandikwa kwenye kibao. Tulikuwa tunakumbushana habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafariki, hata sikuangalia nyuma.

Ghafla zikawaka taa za polisi. Tukasimama pembeni. Askari akaja dirishani, akasalimia kwa adabu, akaomba leseni. Shemeji akasema, "Afande, mimi sikuzidisha mwendo." Yule askari akajibu kwamba hilo analijua. Kosa lake ni jingine: amekaa katika njia ya kupitia kwa maili kadhaa bila kumpita mtu yeyote, na nyuma yake amejaza msururu wa magari. Tena tulikuwa tumepita kibao kinachosema kwamba njia ya kushoto ni ya kupitia tu. Akamwandikia onyo, akatuaga.

Shemeji alinuna hadi Dallas. "Shem," aliniambia, "umeona wapi mtu kukamatwa kwa kwenda polepole?" Nami nikamuunga mkono. Nilidhani ni ukorofi tu wa askari.

Niliporudi nikalifuatilia jambo hili, nikagundua kwamba ni sheria iliyofikiriwa, na kwamba Wamarekani wenyewe hubishana nayo kila mwaka. Kila jimbo lina sheria yake ya barabarani, ila msingi unafanana. Yapo majimbo yanayosema kwamba gari linalokwenda taratibu kuliko mwendo wa kawaida wa wenzake likae kulia. Yapo yaliyo makali zaidi: kila gari likae kulia, na kushoto uingie kwa kulipita lililo mbele tu, kisha urudi. Ruhusa maalumu zipo. Unaweza kukaa kushoto ukikaribia kukunja upande huo, kukiwa na kizuizi kulia, au magari yakiwa yamejaa njia zote.

Na si sheria za kuandikwa zikasahauliwa. Mwaka 2013 jimbo la New Jersey lilipandisha faini ya kosa hili, ikawa kati ya dola 100 na dola 300. Mwaka 2014 jimbo la Georgia likafanya kuwa kosa kubaki katika njia ya kupitia ilhali unajua, au ulipaswa kujua, kwamba nyuma yako pana gari lenye mwendo zaidi linalotaka kupita. Indiana wakafuata mwaka 2015, na Tennessee mwaka 2016. Lakini mwaka 2024 bunge la jimbo la Florida lilipopitisha sheria ya namna hiyo, Gavana Ron DeSantis alikataa kuitia saini. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ile ingemwadhibu hata dereva ambaye hakumzuia mtu yeyote, na kwamba ingeweza kuongeza msongamano wa magari mijini. Hoja hiyo ina uzito wake, na mtu mwenye haki ataipima kabla ya kuitupa.

Kwa Wajerumani jambo hili ni la zamani zaidi. Katika barabara zao kuu, sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo. Tangu mwaka 1978 wanashauriwa tu wasizidi kilomita 130 kwa saa. Mtu angetarajia kwamba penye uhuru kama huo kila mmoja angejiendea apendavyo. La hasha! Kaa kulia, pita kushoto, ukimaliza, rudi kulia. Kumpita mwenzako kwa upande wa kulia ni kosa. Na anayetoka nyuma naye amefungwa. Wanafundishwa kwamba umbali kutoka gari la mbele uwe nusu ya mwendo wako: ukienda kilomita 100 kwa saa, acha mita 50. Ukimsogelea mwenzako hadi ukamgusa kisogo, utatozwa faini, na ukizidisha utanyang'anywa leseni kwa muda. Wa mbele anaambiwa apishe, na wa nyuma anaambiwa asisukume.

Sasa tujiulize: kwa nini sheria imwadhibu mtu asiyezidisha mwendo?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Chukua gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa, likitaka kulipita lori linalokwenda 80. Tofauti yao ni kilomita 20 tu kwa saa. Ukihesabu urefu wa lori na nafasi ya usalama mbele na nyuma, kupita huko kunachukua sekunde 14 hivi, na gari dogo litakuwa limekwenda kama mita 400. Huo ndio muda ambao njia ya kupitia hutumika kwa halali. Baada ya hapo anayebaki humo ameifunga. Waliofungiwa hawapotei, hujipanga nyuma yake, wakakaribiana, kisha mmoja mwenye subira fupi akachomoka kwa upande usiotarajiwa, akajipenyeza baina ya malori. Ajali inapotokea, aliyesababisha msururu huwa ameshakwenda zake, tena akiwa na amani moyoni kwamba yeye ni dereva mwangalifu.

Mwaka 1964 mtafiti wa Kimarekani, David Solomon, alichapisha uchunguzi wa ajali katika barabara kuu za vijijini. Aliona kwamba waliopata ajali zaidi ni wale waliokwenda mwendo uliotofautiana sana na wa wenzao, waliozidi na waliopungua. Wataalamu waliomfuata walimsahihisha: baadhi ya wale wa polepole walikuwa wanakunja kwenye njia panda, na mwendo mkubwa bado ndio unaoua zaidi mara gari linapogonga. Kwa hiyo mtu asije akasema nimempa ruhusa ya kukimbia. Ninachosema ni kwamba wa haraka na wa taratibu wakichanganywa katika njia moja, hatari huongezeka.

Jibu la pili ni la kiungwana, na ndilo lililonigusa. Kile kibao cha mwendo kimewekwa kwa ajili ya mguu wangu mimi. Hakikunipa cheo cha kuusimamia mguu wa mwenzangu. Kazi hiyo ina wenyewe, nao wamevaa sare na wanalipwa mshahara. Ninapojiweka mbele ya mtu nikasema moyoni, "Huyu hatapita, maana anavunja sheria," nimejifanya trafiki bila kuajiriwa. Tena sijui anakwenda wapi.

Hapa nyumbani, ndugu msikilizaji, sharti nikutahadharishe usije ukachanganya. Sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo njia ya wote kwetu ni ya kushoto, na ya kupitia ni ya kulia. Wanaolazimika kuyajua yote mawili ni madereva wetu wa malori wanaovuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi. Wakivuka mpaka tu, kulia kunakuwa kushoto. Usukani uko kulia, na gari analotaka kulipita liko mbele yake upande huo huo, hata haoni linalokuja. Hapo ndipo utingo anapokuwa jicho la dereva, achungulie dirishani aseme "twende" au "subiri". Wanaume wale wanastahili heshima kuliko tunayowapa.

Kwa miaka mingi sisi wengine hatukuwa na haja ya kuliwaza jambo hili, kwa kuwa barabara zetu kuu zilikuwa na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Siku hizi zimepanuliwa. Barabara ya Morogoro baina ya Kimara na Kibaha ina njia kadhaa kila upande. Barabara tumeipanua, lakini mazoea yetu ni yale yale ya barabara nyembamba. Lori la mchanga linashika njia ya kulia, basi linashika katikati, bodaboda inapita popote palipobaki, na mwenye gari dogo anateleza huku na huku kama samaki.

Naam, nimefika kwenye ungamo langu.

Jioni moja nilikuwa natoka Kibaha kurudi Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshika njia ya kulia kabisa. Nilikuwa nakwenda kilomita 50 kwa saa, kama sheria yetu inavyotaka sehemu zenye makazi, na nilikuwa najisikia raia mwema. Kushoto kwangu malori yalikuwa yamefuatana mkia kwa kichwa. Mbele yangu palikuwa wazi. Mara nikaona kwenye kioo gari dogo kuukuu likiniwashia taa. Kisha honi. Kisha taa tena. Nikajisemea lile neno letu la mjini: mwenye haraka angeondoka jana. Nikashikilia usukani. Palikuwa na nafasi mbili, kama si tatu, za kuingia kushoto nikampisha, nami niliziona. Nilikataa kwa makusudi, na niliona raha kukataa. Tulikwenda hivyo kwa dakika kama nane.

Karibu na Kimara magari yakasimama. Lile gari likapata upenyo likaja kando yangu. Nikageuka nikiwa na maneno tayari mdomoni. Kiti cha nyuma alikuwa ameketi mama mmoja, amempakata mtoto wa miaka mitatu au minne ndani ya kanga. Kichwa cha mtoto kimelala begani, mdomo wazi, na kifua kinapanda na kushuka haraka haraka. Mama hakunitazama. Dereva, mzee mwenye mvi, aliteremsha kioo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tungekuwa tumeshafika."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata la kujibu.

Magari yakaondoka, nikawapisha, wakapotea mbele. Sijui mtoto yule alifikaje, wala sijui majina yao. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba dakika nane si kitu. Yeyote aliyewahi kumpakata mtoto anayehangaika kupumua anajua kwamba si kweli.

Usiku ule nikamkumbuka askari wa Texas, nikamwelewa. Alikuwa hajui ni nani yuko katika msururu ule nyuma yetu. Shemeji yangu hajui. Mimi sijui. Na kwa sababu hakuna anayejua, sheria ikaona ni salama zaidi njia ya kupitia ibaki wazi kwa yeyote atakayeihitaji.

Kuna atakayeniambia kwamba nikifundisha watu kupisha, nitawapisha na wakubwa wenye magari ya fahari wanaodhani barabara ni mali ya baba yao. Ni kweli, nao watapita. Wakipita kwa kuvunja sheria, trafiki yuko mbele na chombo chake cha kupima mwendo. Mimi kuwazuia kwa bampa langu hakuwafundishi adabu. Kunawatia hasira tu, na hasira ikiwa na usukani mkononi ni jambo la kuogopwa. Na kwao nao nina neno: kuomba njia kwa kuwasha taa mara moja kunatosha. Kumsukuma mtu kisogoni hakumwongezei pa kuingia.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sawa kabisa. Lakini hawakusema mwenda pole azibe njia. Aende pole upande wake, na apishe.

Ninaloomba halihitaji fedha za wafadhili. Shule za udereva ziwafundishe wanafunzi kwamba njia ya kulia ni ya kuingia na kutoka. Wahusika wasimamishe vibao vyenye maneno mafupi ya Kiswahili penye njia zaidi ya moja. Wenye malori wawakumbushe madereva wao kwamba kushoto ndiko kwao. Na wewe na mimi, kila tunapokuwa kulia, tutazame kioo, tujiulize: nampita nani? Kama hakuna, tuwashe indiketa turudi kushoto.

Mimi siku hizi narudi. Na kila nikirudi, gari la nyuma likinipita, natazama kiti cha nyuma.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaheri.