TASWIRA YA ZIWA AKILINI MWETU: UTANGULIZI WA ELIMU YA MAWASILIANO

(Mada iliyotolewa kwa waumini, Kasumulu, wilayani Kyela)

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Leo tunazungumzia elimu ambayo wengi huidhania kuwa ni ya waandishi wa magazeti peke yao, nayo ni elimu ya mawasiliano: vipi habari hutoka kwa mtu mmoja, ikamfikia mwingine, na kumjengea taswira ya jambo ambalo hakulishuhudia.

Mawasiliano ni nini?

Mwaka 1948 msomi wa Marekani, Harold Lasswell, aliyakusanya mawasiliano katika maswali 5: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na kwa athari gani? Mwaka huo huo mhandisi Claude Shannon alieleza kuwa ujumbe uliotumwa si lazima uwe ndio uliofika, kwa kuwa njiani mna makelele yanayouharibu.

Karne nyingi kabla yao, wanavyuoni wa balagha walikwisha kumtazama msikilizaji. Walisema kuwa khabari ni maneno yanayoweza kuwa kweli au uongo, kisha wakawagawa wasikilizaji mafungu 3. Asiye na fikra yoyote juu ya jambo huambiwa bila ya mkazo. Anayesitasita, ni vyema kumtilia mkazo. Anayekanusha, mkazo kwake ni lazima. Tuizingatie nukta hii: asiyejua lolote ndiye anayepokea kwa wepesi zaidi, kwani hana cha kupimia.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya vyombo vya habari. Mwaka 1922 Walter Lippmann aliandika kuwa watu hutenda kwa kufuata picha zilizomo vichwani mwao kuliko ulimwengu wenyewe ulivyo. Nao Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 huko Chapel Hill, Marekani, katika uchaguzi wa 1968. Waligundua kuwa mambo yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo vya habari ndiyo hayo hayo ambayo wapiga kura waliyaona kuwa ni makubwa. Kwa hiyo, chombo cha habari kinaweza kisikuambie la kuamini, lakini kikakuchagulia la kufikiria.

Mfano wa ziwa letu

Mfano wa haya uko mlangoni kwetu. Maji ni yale yale, lakini Tanzania huyaita Ziwa Nyasa, na ng'ambo ya mto Songwe huitwa Ziwa Malawi. Kila jina lina taswira yake: mtoto aliyelelewa na jina moja hulisikia la pili kama dai la mgeni.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 nao husomwa namna mbili. Malawi hushika ibara ya 1, inayoupitisha mpaka ufukweni. Tanzania hudai mpaka wa katikati ya maji, na huitaja ibara ya 6, inayoruhusu mipaka kurekebishwa kulingana na mahitaji ya mahali. Anayesimuliwa ibara moja tu hajaambiwa uongo, lakini hajaambiwa yote. Na nusu ya kweli hujenga picha kamili ya uadui.

Mwaka 2012, mgogoro ulipopamba moto kwa sababu ya utafutaji wa mafuta ziwani, maneno ya vita yalienea magazetini na redioni. Mwezi Agosti mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete na Rais Joyce Banda walikutana Maputo, na Rais Kikwete akamtoa hofu mwenzake kuwa Tanzania haina nia ya vita. Fikirini: msomaji wa mbali, asiyewahi kuifika Karonga, alikuwa na gazeti peke yake. Sisi tulio Kasumulu tuna macho yetu. Tunaijua Songwe kwa kuivuka, tunajua kuwa Kinyakyusa na Kingonde ni lugha za ndugu, na kuna waliooa na kuozesha ng'ambo. Mwenye kuona ana amana ya ushahidi. Akinyamaza, asiyeona atamsemea.

Na hili si jambo dogo. Huko Rwanda redio RTLM iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 watu waliuawa kwa maelfu kwa mamia. Tarehe 3 Disemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu 3 wa vyombo vya habari. Rufaa ya 2007 iliwafutia baadhi ya makosa na kuwapunguzia vifungo, lakini haikuwaachia huru.

Wajibu wetu

Ndugu zetu, amri ya kuhakikisha khabari tunaijua katika Surat al-Hujuraat, aya ya 6. Wanavyuoni wa Hadithi waliitendea kazi: walichunguza uadilifu wa msimulizi, wakachunguza pia udhibiti wake, yaani uwezo wake wa kuhifadhi na kufikisha alichosikia. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Ndugu mwaminifu anayetutumia ujumbe kwa simu ana uadilifu, lakini je, ameipata wapi khabari hiyo?

Basi kabla ya kuamini au kusambaza tuulize: Aliyesema ni nani, na alishuhudia? Kimeachwa nini? Jina hili limechaguliwa na nani? Na nikiipeleka, nani atadhurika? Tukikosa majibu, kunyamaza ni salama zaidi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wakweli katika kusema na waangalifu katika kusikia. Amin.

Wabillahi tawfiiq.