Juji aliyesema hapana: neno letu kwa vijana wa Lubumbashi

 

Leo tunaongea juu ya mzee mmoja wa Uganda. Tunajua, ukitaja Uganda hapa kwetu watu wanakunja uso, na wako na haki: mwaka 2022 Korti ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda itulipe dola milioni 325 juu ya vita waliyoleta katika inchi yetu. Lakini mzee huyu hakuwa askari. Alikuwa profesa wa sheria. Jina lake George Kanyeihamba, na alikufa mwezi wa Julai 2025.

Kanyeihamba alifundisha sheria Makerere. Wakati wa Idi Amin alikimbilia Uingereza. Museveni aliposhika utawala alimfanya waziri, kisha waziri wa sheria. Profesa akaingia pia kati ya wajumbe waliopitisha Katiba ya 1995, ile iliyosema rais asipite mihula miwili. Mwaka 1997 akawa juji wa Korti ya Juu, kule rufaa zote zinaishia.

Mwaka 2005 bunge likafuta ile mihula miwili. Tarehe 23 Februari 2006, siku tano tu kisha Katiba yetu sisi kutangazwa, Uganda ilipiga kura. Kizza Besigye akashitaki. Majuji walikuwa saba. Wote saba walikubali kwamba sheria ya uchaguzi haikufuatwa. Wanne wakasema makosa hayo hayakugeuza matokeo. Watatu wakasema uchaguzi ufutwe. Kanyeihamba alikuwa kati ya wale watatu. Aliyeshitakiwa ndiye aliyempa uwaziri, na profesa hakumlipa deni kwa kalamu ya korti.

Mtatuambia: "Bana, si alishindwa? Museveni alibaki." Ni kweli. Tena mwaka 2017 wakafuta na kikomo cha umri. Na hatusemi mzee alikuwa malaika: alitumikia serikali ile miaka mingi mbele ya kuihukumu. Lakini sababu alizoandika ziko, na kila mwanafunzi wa sheria anaweza kuzisoma na kujua kwamba juji anaweza kukataa.

Hapa kwetu je? Juni 2016 tribinali ya amani ya Lubumbashi-Kamalondo ilimkatia Moïse Katumbi miaka 3 ya gereza katika kesi ya nyumba. Wiki chache kisha, rais wa tribinali ile, mama Chantal Ramazani Wazuri, aliandika barua kusema alishinikizwa kusaini. Akalazimika kukimbia inchi. Kanyeihamba alikataa akarudi kulala kwake. Mama yetu, kwa kusema ukweli, alipoteza nyumba yake. Tofauti hiyo ndiyo inatuuma.

Na sheria tuko nayo! Kifungu cha 149 cha Katiba kinasema mahakama ni huru. Kifungu cha 151 kinakataza serikali kumpa juji amri. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu ya mihula ya rais, na kinakataza vilevile kugusa uhuru wa mahakama. Tangu Oktoba 2024, rais aliposema kule Kisangani kwamba tunahitaji Katiba mpya, tunasikia wanaongea juu ya mihula tu. Ule uhuru wa majuji uko ndani ya kifungu kilekile. Kikianguka, vinaanguka vyote.

Wengi wetu tuko na diploma na hatuna kazi. Watu wanatucheka: sheria mliyosoma inawalisha nini? Jibu letu ni kazi. Wenye walisoma sheria, tuchukue vifungu hivi vitatu, tuvieleze kwa Kiswahili katika kila mtaa. Kesi ya raia ikisikilizwa hadharani, tuingie, tukae, tuandike. Juji mwenye kutaka kusema hapana ajue hayuko peke yake ndani ya chumba.