Kompyuta ya Zamani Isitupwe Kabla ya Kujaribu Adapta

(Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti alipozungumza na wasimamizi wa vituo vya vijana, walimu wa vyuo vya ufundi na wenye saiba.)



Siku hizi mwananchi akitaka huduma ya serikali, mara nyingi huambiwa aingie mtandaoni. Cheti cha maadili mema kinaombwa kwa eCitizen. Ripoti za kodi hujazwa kwa iTax, na mwisho ni Juni 30. Mwanafunzi anayetaka nafasi ya chuo anaingia KUCCPS, na anayetaka mkopo anaingia HELB. Kijana asiyepata kompyuta iliyo na mtandao kabla ya siku ya mwisho huenda akapoteza mwaka mzima.

Na bado, katika ofisi na shule nyingi utakuta kompyuta zimepangwa kwa kona, zimefunikwa gunia. Ukiuliza shida ni nini, unaambiwa, "Hii haishiki intaneti." Mara nyingi kompyuta yenyewe ni nzima, ila sehemu ya kushika mtandao imeharibika au haikuwekwa tangu kiwandani. Hiyo inaweza kurekebishwa kwa adapta ya kuchomeka nje kwenye tundu la USB, bila kufungua mashine, na kwa gharama iliyo ndogo sana ukilinganisha na kompyuta mpya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Adapta hizi ni za aina mbili. Ya kwanza hushika Wi-Fi. Ya pili ina tundu la waya wa mtandao, ule unaotoka kwa ruta au swichi. Msichanganye adapta ya Wi-Fi na modemu. Modemu huwekwa laini ya simu. Adapta ya Wi-Fi haina mahali pa laini. Inahitaji uwe tayari na Wi-Fi hapo karibu.

Ipi ni bora? Kama kompyuta inakaa mahali pamoja, kama ilivyo kwa darasa au saiba, ushauri wangu ni waya. Hausumbuliwi na kuta wala na wingi wa watu, na unafika hadi mita 100 kutoka kwa swichi. Ukichagua Wi-Fi, kumbuka kwamba masafa ya gigahezi 2.4 hupita kuta vizuri kuliko ya 5, ingawa ya 5 huwa na kasi zaidi ukiwa karibu. Tena adapta ndogo ikichomekwa nyuma ya kompyuta ya mezani, lile sanduku la chuma huzuia mawimbi. Tumia waya mfupi wa kurefusha USB, uiweke juu ya meza.

Kabla ya kutoa pesa, angalia mambo matatu.

Kwanza, tundu la USB. Kompyuta za zamani sana zina USB 1.1, ambayo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. USB 2.0, iliyokuja mwaka wa 2000, hufika megabiti 480, na inatosha kabisa kwa kazi za kujaza fomu, barua pepe na masomo. Adapta ya USB 3.0 ikichomekwa kwa tundu la 2.0 kwa kawaida hufanya kazi, ila kwa kasi ya lile tundu.

Pili, draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua adapta. Soma kwa paketi kama imeandikwa Windows yako. Kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kujipakulia draiva yenyewe, kwa hivyo ipakue kwa mashine nyingine, kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji, uilete kwa flashi. Ukiweza, mwambie muuzaji uijaribu adapta kabla hujalipa.

Tatu, usalama. Adapta ya Wi-Fi iwe inakubali ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ile inayojua WEP pekee iacheni dukani, kwa maana ulinzi huo ulivunjwa zamani.

Hapa niseme wazi: adapta huleta mtandao, lakini haifanyi Windows ya zamani kuwa mpya. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 Januari 14, 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025. Mashine ya Windows 7 inaweza kushika Wi-Fi vizuri, kisha tovuti unayoitaka ikakataa kufunguka kwa sababu kivinjari kimezeeka. Hatari zaidi ni mwananchi kuweka nambari ya kitambulisho na neno la siri kwa mashine isiyo na kinga. Kwa kompyuta kama hizo, mwambieni fundi aweke Linux nyepesi, kwa mfano Linux Mint ya Xfce. Haiuzwi, na huwa tayari na draiva za adapta nyingi. Kabla ya hapo, hifadhi faili zako kwingine.

Kwa walio na mali ya umma: kompyuta iliyozeeka haiuzwi kwa mtu wa vyuma kiholela. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka jambo hilo lipitie kamati. Kabla kamati haijaitwa, kompyuta ijaribiwe. Ikishindikana, diski yake ifutwe, maana ina habari za watu, na isichomwe wala kutupwa jalalani.

Ombi langu ni hili. Mkirudi kazini, hesabuni kompyuta zilizolala. Nunueni adapta moja tu, mzungushe nayo kutoka mashine hadi mashine. Zile zitakazoitikia, andikeni, ndipo mjue ni adapta ngapi za kuweka kwenye bajeti.