Duka ni la nani? Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka kumi



Habari ya hisa na mikopo ya miaka kumi imo katika taarifa ya Mweka Hazina, hatutairudia. Sisi tumechagua kuzungumza habari ya maduka, maana hoja ya kikundi kufungua maduka iko mezani, na mkutano mkuu utaipigia kura. Kuuliza si ujinga. Tukauliza: hivi nani ameanza na duka dogo akafika mbali, na alipita njia gani? Tukaambiwa: tazameni Korea ya Kusini, maduka yanayoitwa CU.

Msidhani ni maduka ya ghorofa. Ni vyumba vidogo kando ya barabara, na mengi hayafungwi usiku wala mchana. Wanauza maji, maziwa, sigara, sabuni, na wali uliofungwa kwa mwani kwa umbo la pembetatu. Mwani huo ni wa aina nyingine, si huu wa pwani yetu.

Kampuni hiyo ilifungua duka la kwanza mjini Seoul mwaka 1990. Wakati huo jina halikuwa lake. Ilitumia jina la FamilyMart la Japani, na jina la mtu hulipiwa. Mwaka 2012, ikiwa na maduka zaidi ya 7,000, ikasema sasa inatosha, ikateremsha vibao na kuweka jina lake yenyewe, CU. Leo yamepita 18,000 katika nchi hiyo.

Walifanyaje? Tumeyaona mambo manne.

La kwanza, hawakujenga kwa fedha zao peke yao. Mtu mwenye akiba yake huingia mkataba na kampuni. Yeye anaendesha duka, kampuni inatoa jina, bidhaa, magari ya kuleta mizigo na mafunzo. Bidhaa ikiuzwa, hutolewa gharama yake ya kununulia, na kinachobaki hugawanywa kati ya hao wawili. Mwenye duka aliyejilipia pango hupata fungu kubwa; kampuni ikilipa pango, fungu lake kampuni nalo linakua.

La pili, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kule kila kitu kinachouzwa hupita kwenye mashine, na mashine inaandika nini kimetoka na saa ngapi. Kwa hiyo mwenye duka haagizi kwa kubahatisha.

La tatu, walimtazama mteja anavyoishi. Korea ya leo zaidi ya theluthi ya kaya ni mtu mmoja peke yake. Mtu huyo hapiki sufuria kubwa. Basi wakamwekea chakula cha mtu mmoja, tayari ndani ya kasha, anapasha moto anakula.

La nne, duka likafanywa la kufaa watu. Unaweza kutuma kifurushi kutoka hapo. Na tangu mwaka 2017 wakishirikiana na polisi, mtoto aliyepotea akiletwa dukani, habari zake huingizwa kwenye mashine hiyo hiyo zikawafikia polisi na maduka mengine. Kina mama, hilo lilitugusa.

Kisha wakatoka nje. Mwaka 2018 Mongolia, mwaka 2021 Malaysia, mwaka 2024 Kazakhstan. Huko sasa wenyeji ndio wanaolipia jina la CU. Aliyekuwa akilipa, leo analipwa! Mongolia peke yake maduka yamezidi 400, na humo huuzwa pia maandazi ya nyama ya kienyeji, siyo vyakula vya Korea tu. Lakini si kila safari ina heri. Mwaka 2017 walitia mkataba na kampuni ya Iran. Mwaka 2018 Marekani ikarudisha vikwazo, fedha za mkataba hazikufika, wakavunja mkataba.

Jamani, mpaka hapa ni vigelegele. Sasa tusikilizeni vizuri.

Maduka ya namna hii, ya kampuni zote, yamepita 50,000 katika nchi yenye watu karibu milioni 52. Ni kama duka moja kwa kila watu elfu moja. Kampuni hupata zaidi duka jipya likifunguliwa. Lakini mwenye duka la zamani, jirani mpya akifungua, mteja wake anagawanyika. Tena mgawo hufanyika kabla ya kulipa mishahara. Wafanyakazi wa zamu wanalipwa kutoka fungu la mwenye duka. Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara kilipanda kwa zaidi ya asilimia 16, na wenye maduka wakalalamika hadharani kwamba hawabaki na kitu. Baadhi yao ni wastaafu walioweka humo kiinua mgongo chao.

Kilio cha wenye maduka hakikupotea bure. Mwaka 2013 sheria ilirekebishwa, ili kampuni isimlazimishe mtu kufungua usiku kucha huku anapata hasara. Na mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni zenyewe zikakubaliana zisifungue maduka mapya karibu mno na yaliyopo, kati ya mita 50 na 100 kufuatana na mahali.

Basi ndugu wanachama, hatusemi tusifungue maduka. Tunasema kabla ya kunyoosha mkono, tujibu maswali matatu, na majibu yaandikwe kwenye katiba yetu. Mama atakayeendesha duka atapata fungu gani, na litahesabiwa kabla au baada ya mshahara? Duka la pili likae umbali gani na la kwanza? Na duka likipata hasara, ni akiba ya nani itakayoguswa? Wenzetu wa Korea walianza kufungua, sheria zikaja nyuma baada ya watu kuumia. Sisi tunaweza kutanguliza sheria.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho ni cha mama aliyeuza vitumbua alfajiri. Tukilinde.

Kikundi oyee! Akiba oyee!