Jina Utakalompa Mwanao

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi huko Garsen, Kaunti ya Tana River)



Kazi yangu ni kufasiri maneno ya Serikali yapate kufahamika kwa Kiswahili. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba karibu kila neno laweza kufasiriwa, ila jina la mtu. Jina huandikwa kama lilivyo, na mwenyewe huenda nalo mpaka kaburini. Kwa sababu hiyo nataka tuzungumze leo habari za jina tumpalo mtoto, na jinsi liwezavyo kumfaa au kumdhuru.

Katika nchi hii ya Mto Tana hatuna upungufu wa majina mema. Ndugu zetu Waorma wana desturi ya kumwita mtoto kwa wakati aliozaliwa. Aliyezaliwa mchana huitwa Guyo, wa jioni Galgalo, wa wakati wa mvua Roba, wa kiangazi Bonaya, na aliyezaliwa watu wakihama na ng'ombe wao huitwa Godana. Zamani hapakuwa na karani wa kuandika tarehe, lakini jina lilitunza habari. Katika vijiji vya Wapokomo, nyumba nyingi humpa mjukuu jina la babu au la bibi, ili jina la mzee lisipotee. Tena Waislamu wana majina ya dini yao, na Wakristo wana majina ya ubatizo. Majina hayo yote yana heshima yake.

Lakini kuna majina mengine yatokayo katika huzuni. Pwani yote utasikia watu waitwao Tabu, Shida, Mashaka na Majuto. Simcheki mzazi aliyetoa jina la namna hiyo. Pengine mama alikaribia kufa siku ya kujifungua, au njaa ilikuwa nyumbani. Pengine watoto waliotangulia walikufa, naye akaogopa kumpa huyu jina zuri, asije akaondoka kama wenziwe. Huzuni hiyo ni ya kweli. Walakini yatupasa kujiuliza: ilikuwa huzuni ya nani? Ilikuwa ya mzazi. Mtoto hakuijua njaa ile wala msiba ule. Naye ndiye aitwaye Shida kila asubuhi darasani, na siku akikosa hesabu wenziwe humcheka wakisema shida imefika.

Dini zetu zatufundisha jambo hili. Raheli alipokuwa akifa katika kujifungua alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu. Lakini Yakobo, baba wa mtoto, akamwita Benyamini, yaani mwana wa mkono wa kuume. Yakobo naye alikuwa amefiwa na mke ampendaye, lakini hakuuweka msiba wake juu ya kichwa cha mtoto. Na katika hadithi za Mtume Muhammad imepokewa kwamba alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asiya, maana yake mwasi, akamwita Jamila, maana yake mzuri.

Je, jina lina nguvu ya kumfanya mtu kuwa mwema au mbaya? Hapana. Wako watu waitwao Mashaka ambao wamelea jamaa zao vizuri, na wako wenye majina ya mitume ambao ni wezi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Hata methali isemayo kwamba jina jema hung'ara gizani, hasa yasema habari za sifa ambayo mtu amejipatia kwa matendo yake. Nguvu ya jina lenyewe imo katika masikio ya watu wengine.

Nitawapa mfano wa mbali. Mwaka 2004 wataalamu wawili huko Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walitoa habari za jaribio lao. Walipeleka barua za kuomba kazi zipatazo 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa za waombaji zililingana. Majina ndiyo yaliyotofautiana. Barua zenye majina ya Kizungu zilipata majibu mengi zaidi, kwa kiasi cha nusu, kuliko zile zenye majina ya Wamarekani weusi. Kosa hapo lilikuwa la waajiri, wala si la wazazi waliochagua majina yale.

Nasi tuyaangalie masikio yetu. Kutoka mwaka 2012 hata mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma hapa Delta. Siku za uadui, mtu husikiliza jina la mwenziwe apate kujua ni wa upande gani. Lakini sikilizeni vizuri. Jilo na Godana ni majina ya Waorma, nayo yamo katika nyumba za Wapokomo pia. Majina hayangalivuka hivyo kama wazee wetu hawakukaa pamoja. Basi msiyaache majina ya kwenu kwa hofu.

Sasa nije kwenye jambo la kuandika. Mimi nilipoingia shule, karani aliandika jina la babu yangu kama alivyolisikia yeye, na herufi moja ikapotea. Baba hakujua kusoma, wala mimi sikuthubutu kusema. Miaka mingi baadaye nilipotafuta kazi, vyeti vyangu vilikataana. Nilisafiri mara tatu, nikalipa, nikaapa mbele ya wakili kwamba mimi ndimi mimi. Herufi moja tu! Nanyi mwajua kwamba huyu huandika Jilo na yule Jillo. Huyu Godana na yule Godhana.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata jina na uraia tangu kuzaliwa kwake. Haki hiyo hulindwa kwa cheti. Tangu mwaka 2017 shule zilitakiwa kuingiza wanafunzi katika daftari la Serikali kwa nambari ya cheti cha kuzaliwa.

Kwa hivi nawashauri mambo matatu. La kwanza, baba na mama wapatane juu ya jina kabla ya kwenda kuandikisha, nao wamwulize mzee ajuaye maana yake. La pili, mtoto akizaliwa nyumbani, pelekeni habari kwa naibu wa chifu kabla ya miezi sita kupita. La tatu, kabla hamjaondoka mezani pa karani, mwombeni awasomee alichoandika, herufi kwa herufi. Asiyejua kusoma na aende na ajuaye. Na kama jina limebadilika, sheria yawapa miaka miwili tangu kuandikishwa kulirekebisha.

Mtoto hajichagulii jina, nasi twamchagulia akiwa amelala. Tumpe jina ambalo siku atakapoulizwa maana yake, ataieleza pasipo kuinamisha uso.