Busha: Kisu Kimepita, Kupona Bado

Busha ni ugonjwa unaochekwa. Vijiweni watu wanautania, na mwenye nao anavaa kanzu au shati refu na kunyamaza. Kwa hiyo mwanamume akijikaza, akaenda hospitali, akapasuliwa, anastahili pongezi. Lakini leo sizungumzii kisu. Nazungumzia siku zinazofuata baada ya kisu, maana huko ndiko wengi wanakoharibikiwa.

Mtu anaingia chumba cha upasuaji akitumaini kutoka kama alivyokuwa ujanani. Wiki moja baadaye anajitazama, anaona uvimbe bado upo, tena mgumu. Roho inamruka. "Wamenidanganya," anasema, "maji hawakuyatoa." Anaacha kurudi kliniki, anatafuta mganga, na kidonda kibichi kinapakwa dawa isiyojulikana imetoka wapi.

Ndugu msikilizaji, uvimbe ule mara nyingi si maji ya zamani. Daktari ameyatoa maji, akaukata au kuugeuza utando uliokuwa ukiyahifadhi, na mwili nao umejibu kwa kuvimba. Ngozi iliyovutika kwa miaka kumi hairudi kwa siku kumi. Uvimbe hupungua taratibu kwa wiki kadhaa, na kwa wengine miezi, hasa kama busha lilikuwa kubwa. Chupi ya kubana inayoinua korodani, usafi wa kidonda na mapumziko ndiyo dawa yake.

Hata hivyo, yapo yasiyosubiri. Uvimbe unaoongezeka ghafla siku za mwanzo huenda ni damu inayovujia ndani. Homa, usaha, harufu mbaya, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hayo yote ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Na uvimbe ukishakwisha, kisha ukaanza kukua upya, huenda maji yamejaa tena. Hutokea, na daktari anaweza kulitengeneza. Kujificha hakulitengenezi.

Sasa tuseme ukweli. Kuli au msukuma mkokoteni akiambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki nne hadi sita, nyumbani watakula nini? Siku ya nane utamkuta sokoni, gunia begani. Mshono unafumuka, kidonda kinaoza, na kibarua cha siku moja kinamgharimu mwezi mzima kitandani.

Je, tumlaumu yeye peke yake? Yupo aliyemruhusu kutoka wodini bila kumweleza kwamba uvimbe utakawia. Yupo tajiri aliyemwambia, "Ukikaa wiki mbili nafasi yako ina mtu." Wapo ndugu ambao hawakuambiwa anaumwa nini, kwa sababu ya haya, basi hawakujua wamsaidie nini. Haya hiyo ndiyo inayomrudisha mtu kwenye gunia.

Tukumbuke pia kwamba katika mwambao wetu mabusha mengi yanatokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, wakiwamo wale wanaozaliana katika vyoo vya shimo na madimbwi machafu ya mijini. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huu mwaka 2000, kwa kugawa vidonge. Vidonge hivyo huzuia ugonjwa kuenea, lakini havikaushi busha lililokwishajaa. Hilo huhitaji kisu, na kisu huhitaji subira.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kupasuliwa, muulize daktari kabla: nitavimba kwa muda gani, nirudi lini, nianze kazi lini? Mwambie mkeo. Weka akiba ya wiki sita, hata kama ni ya unga na maharage. Na wewe tajiri, mpe mwenzio kazi ya kukaa mpaka apone. Mtu aliyevumilia busha miaka kumi asije akaangushwa na gunia moja.